Mzee Aliyekuwa Soko la Boti

Nchi ninayotaka kuwasimulia haionekani kwenye ramani nyingi, na kwenye zile inapoonekana imefunikwa nusu na herufi ya jina la jirani yake. Haina bahari. Haina ziwa. Mto inao mmoja, ambao huja mwezi wa Februari ukiwa na haraka, na kufikia Mei umeshakwenda zake ukiacha mchanga na kandambili za watu. Nasema hivi mapema ili msije mkadhani naidharau. Ni nchi nzuri, na serikali yake ni ya watu waliosoma sana, kama mtakavyoona.

Wakati wa mambo haya, Waziri wa Mwelekeo alikuwa Mheshimiwa Daktari Gaudensi Mlimbila. Wizara ya Mwelekeo iliundwa baada ya wananchi kulalamika kwamba hawaoni nchi inakwenda wapi. Basi ikajengwa ofisi ya ghorofa sita ya kuangalia. Mheshimiwa alikuwa amerudi kutoka mkutano wa nje, na huko alionyeshwa mchoro wenye mstari unaopanda. Alipouliza mstari ule ni wa nini, aliambiwa ni wa mauzo ya boti za starehe zenye injini. Kila nchi inapotajirika, alielezwa, watu wake hununua boti za kwenda kujivinjari siku za mapumziko. Boti zikinunuliwa kwa wingi, ni dalili kwamba nchi imeneemeka.

Alipotua tu, akawaambia waandishi wa habari pale pale kiwanjani: "Ndugu zangu, tumehangaika na kilimo miaka yote hii, kumbe dalili ya utajiri ni boti. Tukishaipata dalili, utajiri wenyewe utaona aibu kubaki nyuma."

Wataalamu wa wizara walipiga makofi. Mmoja wao aliuliza kuhusu maji, akahamishiwa Wizara ya Maji.

Hata hivyo, serikali ile haikuwa ya kukurupuka. Kabla ya kujenga kiwanda iliamua kupima soko. Wadadisi arobaini wakatumwa nchi nzima na dodoso la maswali tisini na sita, waende kwenye kaya elfu moja na mia nne zilizochaguliwa kwa bahati nasibu.

*

Kaya namba 1112 ilikuwa na mtu mmoja. Aliitwa Hilari Msokwa, miaka sitini na mitatu, mpiga bendera wa reli katika stesheni ya Mtengano, ambayo iko katikati ya mbuga isiyo na kitu cha kutazama isipokuwa stesheni yenyewe. Treni ilikuwa haijapita kwa miaka tisa. Barua ya kumwarifu kwamba safari zimesitishwa ilitumwa kwa treni, kwa hiyo haikufika, naye akaendelea kutoka nje kila asubuhi saa tatu na robo na bendera yake, kwa muda wa miezi saba, mpaka mkewe, Paskazia, alipomwambia, "Baba Veneranda, hebu tulime." Wakalima. Mwaka wa tano Paskazia akafariki. Veneranda, binti yao wa pekee, alikuwa ameolewa nchi ya mbali, na alipiga simu kila mwaka mpya, ikiwa baba yake siku hiyo amepanda kilima cha mawe na mtandao umekubali.

Mtu wa karibu alikuwa Tindwa, mfuga mbuzi wa ng'ambo ya reli, ambaye alikuja kila Jumapili kucheza drafti kwa vizibo vya soda. Tindwa alikuwa mtu mwema lakini hakuwa msemaji. Siku sita zilizobaki Hilari alizungumza na redio. Mtangazaji aliposema, "Hamjambo popote mlipo," yeye alijibu, "Hatujambo, karibu." Hakuwa amerukwa na akili. Alijua redio haisikii. Aliona tu kwamba kunyamaza ni utovu wa adabu.

Mdadisi aliyeingia uani kwake, siku ya mvua, akisukuma baiskeli ya wizara iliyojaa tope, alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na sita aitwaye Restituta Haule. Kazi hiyo alikuwa ameifanya miaka ishirini na sita. Alikuwa ameuliza watu kuhusu vyoo, vyandarua, mbegu, na imani yao kwa serikali, na alikuwa amejifunza kuuliza bila kukunja uso wala kutabasamu, kama kitabu cha maelekezo kinavyotaka.

"Habari za hapa, mzee. Natoka Wizara ya Mwelekeo. Nina maswali machache."

"Karibu kiti, mama. Maji yako motoni."

"Sitakaa sana. Ya lazima ni kumi na manne tu."

Akauliza jina, umri, na aina ya paa. Akauliza watu wangapi hulala katika nyumba hii. Mmoja. Wangapi walikula hapa jana. Mmoja. Je, katika siku tatu zilizopita kaya imepokea mgeni.

"Wewe," alisema Hilari.

Kitabu cha maelekezo hakikusema kama mdadisi ni mgeni. Bi Restituta akafikiri kidogo, kisha akaandika sifuri.

"Swali la kumi na nne," akasoma. "Je, unatarajia kununua boti ya starehe yenye injini katika miezi kumi na miwili ijayo? Ndiyo au hapana."

Hilari alitazama nje. Mvua ilikuwa ikiipiga reli yenye kutu, na upande wa pili wa reli hapakuwa na kitu mpaka mbingu inapoanzia.

"Nikisema hapana inakuwaje?"

"Nakushukuru kwa niaba ya serikali, naondoka."

"Nikisema ndiyo?"

Bi Restituta akafunua ukurasa. "Kuna maswali themanini na mawili ya ziada. Halafu naagizwa nirudi kila baada ya miezi mitatu, nione kama bado una nia."

"Kila miezi mitatu."

"Ndivyo walivyoandika."

"Basi andika ndiyo."

Bi Restituta akainua macho. Alikuwa amepita nyumba thelathini na nne kwa siku kumi na moja, na hakuwa amelisikia neno hilo. "Una hakika, mzee?"

"Na hilo limo kwenye maswali?"

"Halimo."

"Basi tusilihesabu."

Maswali themanini na mawili yaliwachukua mpaka saa kumi jioni. Hilari aliyajibu kwa moyo wote. Kuhusu rangi, alichagua kijani. Kuhusu mwendo, alisema wa wastani, ili watu waweze kuongea. Alipoulizwa viti vingapi, alisema vinane, na alipoulizwa kwa kawaida atasafiri na akina nani, alihesabu kwa vidole: Paskazia, Veneranda, mumewe Veneranda, wajukuu wawili ambao hajawahi kuwaona, Tindwa, na yeye mwenyewe.

"Hao ni saba. Na huyu Paskazia ni nani kwako?"

"Mke wangu. Alifariki."

Kalamu ikasimama. "Nimwandike?"

"Kama nafasi ipo."

Bi Restituta akamwandika. Kisha akala viazi vitamu alivyowekewa, akanywa chai vikombe viwili, na mvua ilipokatika Hilari alimsindikiza mpaka barabarani, mwendo wa saa nzima, akimsukumia baiskeli.

*

Wizarani walifanya hesabu. Kaya moja kati ya elfu moja na mia nne imesema ndiyo; nchi ina kaya milioni nane na laki nne; kwa hiyo nchi inahitaji boti elfu sita, na zinahitajika ndani ya mwaka mmoja. Mheshimiwa Mlimbila aliipokea ripoti hiyo kwa mikono miwili. "Soko lipo," aliwaambia wabunge. "Lilikuwa limelala. Tulichokifanya ni kulibishia hodi."

Kiwanda hakikujengwa upya, maana serikali ilikuwa na haraka. Ilichukua kiwanda cha kuchambua pamba, kile pekee cha pamba kilichokuwa kikifanya kazi, ikatoa mashine za pamba na kuweka kalibu za kufinyangia boti. Wafanyakazi walifundishwa kupaka faiba na gundi tabaka kwa tabaka. Boti arobaini zilitoka kila wiki, nyeupe, zenye usukani unaong'aa na viti vyenye harufu ya dukani. Kuhusu bei iliundwa kamati, na kamati ilingoja akidi itimie.

Kila chombo lazima kijaribiwe. Kwa kuwa mto ulikuwa umeshaondoka mwaka huo, jaribio lilifanyika kwenye bwawa la kuogelea la Hoteli ya Serikali. Mheshimiwa mwenyewe alishika usukani. Injini ikaunguruma, boti ikaruka, na baada ya sekunde mbili ikagonga ukuta wa pili. Magazeti yaliandika kwamba Waziri amevuka. Jeraha la paji la uso lilishonwa nyuzi nne, na yeye akasema kwa unyenyekevu kwamba waanzilishi wote huumia.

*

Bi Restituta alirudi baada ya miezi mitatu, kama dodoso lilivyoahidi. Hilari alikuwa amefagia uani tangu alfajiri na kuvaa shati la reli lililopigwa pasi. Bi Restituta alimuuliza kama bado ana nia. Akasema anayo. Alimuuliza kama nia hiyo imeongezeka, imepungua au iko vile vile. Akasema imeongezeka, na hakudanganya. Wakakaa mpaka saa kumi.

Kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa ndiyo pekee nchini, maofisa wa wizara walizoea kumwita Soko. Hawakuwa na nia mbaya. Jina lake lilikuwa siri ya takwimu, na lazima wamwite kitu. Redio ilitangaza kila Ijumaa hali ya Soko, na Hilari, ambaye hakujua kwamba anasemwa yeye, alijibu, "Tunashukuru." Alipoumwa malaria, Bi Restituta alimkuta amejifunika blanketi, akaandika kwamba mhojiwa ana nia hafifu na anatetemeka. Wiki hiyo magazeti yakaandika kwamba soko la boti limeyumba. Daktari bingwa akatumwa kutoka mji mkuu kwa gari la serikali, akalitibu, na Ijumaa ikatangazwa kwamba soko limeonyesha dalili za kupata nafuu na limeomba uji.

Hapo ndipo wizara ilipogundua hatari. Soko lilikuwa linakaa peke yake mbugani, wazi kabisa, na mtu yeyote angeweza kuja kulivuruga kwa maneno. Ikaagizwa lilindwe. Uzio wa seng'enge ukazungushwa, na askari mmoja akawekwa langoni. Askari alikatazwa kuzungumza na Hilari, asije akamshawishi kuhusu boti, na ili asishawishike hata kuangalia, aliamriwa kusimama akiwa amempa mgongo.

Jumapili ya kwanza Tindwa alikuja na vizibo vyake vya soda mfukoni. Askari akamuuliza shughuli yake.

"Kucheza drafti."

"Na nani?"

"Na huyu mwenzangu."

"Huyo ni Soko la Taifa. Una kibali cha kuingia sokoni?"

Tindwa hakuwa nacho. Alisimama kidogo nje ya seng'enge. Hilari alisimama ndani. Kwa kuwa Tindwa hakuwa msemaji, walitazamana tu, kisha akainua mkono, akawafuata mbuzi wake. Alirudi Jumapili tatu zaidi. Ya nne hakuja.

Baada ya hapo Hilari alikuwa na mtu wa kumwona kila siku, yaani mgongo wa askari, na siku nyingine aliupa salamu. Mgongo ule ulikuwa na adabu. Ulisimama wima zaidi. Akaanza kuhesabu wiki mpaka Bi Restituta atakaporudi, na zilipobaki chache alijiandalia mambo ya kumsimulia, akayarudia moyoni akilima, ili siku hiyo yasimpotee.

*

Bi Restituta alikuja kwa mara ya nne. Aliuliza maswali yake na kuandika majibu, lakini viazi hakuvigusa.

"Una nini leo?" Hilari alimuuliza.

"Halimo kwenye dodoso, mzee."

"Najua halimo."

Akalifunga dodoso. "Boti zimefika elfu moja na zaidi," alisema. "Zimejaa uwanja wa mpira, zimejaa maghala, sasa wanazipanga mashambani. Mvua ziliponyesha zilijaa maji, na kuku wanataga ndani ya zile zilizofunikwa. Hakuna aliyekuja kununua hata moja. Na pamba haina pa kuchambuliwa. Kaka yangu alivuna magunia tisini. Yote yameoza. Sasa analala mchana kutwa amegeukia ukutani."

Hilari akasema, "Kwa sababu ya ndiyo yangu."

"Sikusema hivyo."

"Ulijua siku ile kwamba sina shida na boti?"

Bi Restituta alitazama kalamu yake. "Kazi yangu ni kuandika. Wakisema nilijua, wananifukuza kazi, na nimebakiza miaka minne." Kisha akaongeza, polepole, "Nilijua. Nyumba hii ndiyo ya kwanza ambayo mtu alinisindikiza."

Hilari aliishika baiskeli. Alimsindikiza mpaka langoni tu, maana zaidi ya hapo Soko halikuruhusiwa kwenda.

*

Miezi kumi na miwili ilipotimia, Mheshimiwa Mlimbila alikuja mwenyewe kushuhudia mauzo ya kwanza. Ilikuwa Jumanne asubuhi. Walikuja na maturubai, bendi ya tarumbeta, wasomi wawili wa uchumi na gari la redio la kutangaza moja kwa moja nchi nzima. Boti yenye viti vinane, iliyopakwa rangi ya kijani aliyoichagua Hilari, ilivutwa na trekta juu ya mataruma ya reli. Bi Restituta aliwekwa mstari wa mbele, kama mdadisi aliyeligundua soko, na akavishwa shada la maua ya plastiki.

Waziri alihutubia kwa dakika hamsini. Alisema kwamba wapo waliodai nchi kavu haiwezi kuelea, na kwamba leo historia imewaacha ufukweni. Kisha akampisha Soko aseme neno.

Hilari alisimama mbele ya kinasa sauti. Alijua akisema kweli maswali yatakwisha, na baiskeli ile haitaingia tena uani kwake. Alimtazama Bi Restituta, akamwona ameinamisha kichwa.

"Mheshimiwa," alisema, "mimi sitaki boti."

Bendi, ambayo ilikuwa imeagizwa kupiga baada ya sentensi yake ya kwanza, ikapiga. Wakainyamazisha.

"Huyu mama aliandika nilichomwambia. Kosa si lake. Aliniuliza kama nitanunua boti, nikamuuliza itakuwaje nikisema hapana, akasema ataondoka. Nikisema ndiyo, atabaki na kuniuliza mengine, kisha atarudi. Ilikuwa miaka minne tangu mke wangu afariki. Hakuna mtu aliyekuwa ameniuliza napenda rangi gani. Nikasema ndiyo. Kama nimewaharibia watu pamba, naomba radhi. Hilo sikulijua."

Askari wa langoni, kwa mara ya kwanza katika miezi mitano, akageuka.

Mheshimiwa Mlimbila hakuwa waziri kwa bahati tu. Aliuchukua mkono wa Hilari akauinua juu. "Ndugu wananchi, mmesikia. Soko limesema kwa kinywa chake. Nchi nyingine hutumia miaka kutafuta mnunuzi anataka nini moyoni. Sisi tumeambiwa. Mnunuzi wetu hataki boti, anataka mwenzake. Na boti yetu ina viti vinane." Akawageukia wasomi wawili wa uchumi, nao wakaitikia kwa vichwa. "Uzalishaji uendelee."

*

Kilichofuata kimeandikwa katika kumbukumbu za nchi ile kama muujiza wa kiuchumi. Maneno ya Hilari yalikuwa yamesikika mpaka vijiji vya mwisho. Watu ambao miaka yote walidhani serikali huuliza maswali na kuondoka, walijua sasa kwamba kuna jibu moja linaloifanya ikae.

Wadadisi walipotoka tena, mambo yalibadilika. Mzee mmoja wa milimani alisema ndiyo kabla hajaulizwa. Mama mmoja alijibu maswali yote tisini na sita, kisha akaomba yarudiwe, eti ya mwanzo hakuyasikia vizuri. Mkuu wa mkoa mmoja, mtu wa walinzi na wapishi, naye alisema ndiyo, akawatoa wasaidizi wake chumbani na kumwambia mdadisi akae kidogo. Kati ya kaya elfu moja na mia nne, mia tisa na tatu zilisema ndiyo. Wataalamu walikokotoa wakapata mahitaji ya boti milioni tano, laki nne na elfu kumi na nane, na mstari kwenye mchoro wa Mheshimiwa ukapanda mpaka ukatoka nje ya karatasi. Ikabidi karatasi nyingine ibandikwe juu kwa gundi. Viwanda vya sukari na vya chumvi navyo vikabadilishwa.

Wadadisi arobaini hawakuweza kurudi kwa watu wote hao. Kwanza wakapewa dakika nne kwa kila kaya. Halafu, kwa ajili ya ufanisi, ikanunuliwa mashine ya kupiga simu, yenye sauti ya mwanamke aliyerekodiwa mara moja, na wadadisi wote wakashukuriwa kwa niaba ya serikali.

Kule Mtengano, seng'enge iling'olewa. Soko sasa lilikuwa kila mahali na halikuhitaji uzio. Askari aliaga kwa kupiga saluti, na Hilari aligundua, siku alipokuwa anaondoka, kwamba alikuwa na kovu kidevuni na macho ya upole. Boti waliiacha uani, maana trekta lilikuwa limeharibika. Hilari alivuka reli kwenda kumtafuta Tindwa. Alikuta zizi tupu. Majirani wa mbali walisema amehamia kwa mwanawe, mjini, na mbuzi amewauza.

Hilari akarudi. Alipanda ndani ya boti mara moja tu, akakaa kwenye kiti cha nyuma. Viti saba vilimtazama. Akashuka, na hakupanda tena. Hata redio aliacha kuiwasha, kwa sababu kila Ijumaa ilisema soko linafanya vizuri.

*

Ilikuwa mwezi wa Julai, yapata saa tano mchana, alipoinua kichwa katika shamba la maharage na kumwona mtu anakuja kwa miguu kutoka upande wa barabara. Alimtambua kwa mwendo kabla ya kumwona uso.

"Nimekuja bila dodoso," alisema Bi Restituta alipofika. Alikuwa ametota jasho. "Walilichukua pamoja na baiskeli."

"Karibu, Bi Restituta. Kaka yako anaendeleaje?"

"Ameinuka. Analima mtama sasa. Hasemi sana, lakini ameinuka."

Wakakaa barazani. Wote wawili waligundua kwamba hawajawahi kukaa pamoja bila swali la kuanzia, na wakaona haya kama watu wanaokutana kwa mara ya kwanza. Mkono wa kulia wa Bi Restituta ulikuwa unatafuta kalamu mapajani.

"Ile mashine ilinipigia," alisema mwishowe. "Wiki mbili zilizopita. Nilikuwa nyumbani, peke yangu, nachambua mchele. Ikaniuliza swali la kumi na nne."

"Ukajibuje?"

"Nikajibu ndiyo."

Hilari hakucheka. Alingoja.

"Nikabaki na simu sikioni, nangoja la kumi na tano. Ikasema ahsante kwa kuijenga nchi. Ikakata." Alitazama mikono yake. "Miaka ishirini na sita nimewauliza watu wanalala wangapi, wanakula nini, wanaogopa nini. Hakuna hata mmoja aliyewahi kunigeuzia swali, akaniuliza na mimi hayo hayo."

Hilari alifikiri kwa muda mrefu. Hakutaka kumuuliza jambo la ovyo.

"Huko kwako," alisema, "ukiamka asubuhi, neno la kwanza unamwambia nani?"

Bi Restituta akavuta upindo wa khanga akajifuta uso, na haikuwa jasho tu. Kisha akaanza kujibu.

Wote wawili wamenisimulia kisa hiki mpaka hapo, kila mmoja kwa wakati wake, na maneno yao hayakupingana. Nilipouliza jibu lilikuwa nini, kila mmoja aliniambia kwamba hilo si la kuandikwa. Kwa hiyo sina takwimu za kuwapa. Ninachojua ni kwamba Bi Restituta alianza kujibu kama saa tano na nusu, na saa tisa, maharage yakiwa yamesahauliwa juani na kuku wakipita kati ya miguu yao, alikuwa bado hajafika katikati.